Huku Ni Sambaza

Harufu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wakikaangwa sokoni Gisenyi bado hunirudisha siku ile. Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka Tanzania, nami nimeshika kanga ya mama, alipomwambia muuza samaki kwa adabu, "Shikamoo, mama. Naomba dagaa, fungu moja."

Muuza samaki akashika kiuno. "Dagaa ni nini? Huku iko sambaza tu!"

Safu nzima ya wauzaji ikaangua kicheko. Muuza samaki akamwaga fungu kwenye tope jeusi. "Okota dagaa yako!"

Mama akainama, akaokota. Tangu siku hiyo soko zima lilimwita Dagaa, hadi tulipomzika.

Jana niliagiza sambaza kwa lafudhi yao kabisa. Muuzaji mzee akanikazia macho, kisha akawaita wenzake: "Mukuye muone, mutoto ya Dagaa!"