Keki ya Kaizari

27 Januari. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika jua lilipotoka. Ardhi ililainika, tayari kwa kupanda.

Mke wangu yuko kwetu Miyuji peke yake na shamba la uwele, nami nilikuwa jikoni kwa Bibi Mdachi nikipiga mayai ya keki, maana leo ni siku ya kuzaliwa kwa Kaizari, mfalme wao. Ruhusa ya kwenda nyumbani nimeomba mara mbili. Bibi alisema, "Baada ya sikukuu."

Mpishi mwenzangu, mtu wa Kondoa aliyenizidi umri, alinicheka. "Ikipendeza hiyo, hutoki humu. Iunguze! Ongeza makaa juu ya kifuniko, kesho uko shambani."

"Na viboko, kaka?"

"Kwani uwele hupandwa mtu amekaa?"

Nilishika koleo la makaa, lakini sikuongeza. Labda niliogopa, labda nilitaka tu kuiona imeumuka. Sijui, wala sitaki kujisifu.

Keki ilitoka nzuri. Wageni kutoka boma waliisifu sana, na Bibi akaja jikoni na furaha yake, akasema nitabaki mpaka Pasaka, niwe nikioka kila wageni wakija. Niseme kweli, alisema kwa upole, na habari za shamba sikuwahi kumweleza vizuri. Nilijibu, "Ndiyo, Bibi."

Jioni mimi na mwenzangu tulikula ugali na mlenda. Bibi alituletea vipande viwili vya keki. Mwenzangu alikula chake, kisha akala na changu.