Wimbo kwenye fonie

Juzi nilikuwa kwenye biro ya fonie, ofisi ya hapa Kalemie tunapoitana kwa redio na miji ya mbali. Mitambo inaendeshwa na mwanamke, fundi aliyeisomea. Mama mmoja mbele yangu alitaka habari za mtoto wake, aliyelazwa kule Uvira.

"Uvira, Uvira, hapa njo Kalemie," fundi aliita.

Badala ya jibu tulisikia kicheko. Mafundi wa vituo vingine wakaingilia, wakapiga miluzi.

"Kalemie, umeolewa?"

"Kuko mutoto mugonjwa. Naomba habari yake."

"Utuimbie kwanza, njo tutajibu."

Fundi alimtazama yule mama, aliyekuwa akiuma ncha ya kitenge chake. Akafumba macho, akaimba wimbo wa kanisani. Ndipo Uvira wakasema mtoto ametoka hospitali.

Mama alilia kwa furaha. Mkubwa wa biro naye alichekelea: "Munaona? Kwa mwanamuke wanajibu mbio."

Fundi alipangusa mikro ya kusemea kwa mkono wa blauzi, akanipa bila kunitazama. Niliita mara moja tu, kwa sauti yangu ya kiume.

"Ndiyo, citoyen, tunakusikia," walijibu kwa heshima.

Wimbo hakuna aliyeniomba.