Uso wa Wambeti

Nakumbuka asubuhi ile ya soko pale Ishiara, mwanangu, nikiwa juu ya ngazi nachora fahali kwenye ukuta wa bucha. Jua lilikuwa limeanza kuuma mgongoni, na rangi ilikuwa inakauka kwenye brashi kabla haijafika ukutani. Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuchora katuni kwenye gazeti moja la Nairobi kwa sababu nilichoka kuchora vichekesho ambavyo watu wengine walikuwa wamevitunga. Nilitaka kuchora vitabu vyangu mwenyewe, hadithi ndefu za picha, za watu wa huku kwetu, wale wanaochuma chai kule Kianjokoma na hawa wanaopiga ndengu kwa fimbo huku chini kwenye joto. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Dallas, Embu mjini. Hadithi nilikuwa nazo. Wa kuzichapisha sikuwa naye, kwa hivyo nilikula kwa kuchora mabango ya maduka na kuta za bucha.

Umeniandikia kwamba unafanya kazi ofisini hapo Meru, na kwamba jioni unachora kitabu chako kwenye ile tableti yako. Unataka nikuambie kama uache kazi. Swali hilo sitalijibu mbio. Kwanza nikueleze kilichonipata, halafu utaamua mwenyewe, maana mimi sitakuwa pale siku utakapokosa chakula.

Baba yangu alikuwa mkulima wa chai Kianjokoma, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Mwaka ule alikuwa ameniambia, "Cheza na hizo karatasi zako mpaka Krismasi. Ikifika kama hakuna kitabu, urudi nyumbani tutafute chuo cha walimu." Nilikuwa nimekubali. Si kwamba nilipenda, lakini kwa nini nimbishie, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuchoka?

Basi nikashuka ngazini nikakuta mama mmoja amesimama nyuma yangu. Alikuwa mrefu, mkavu, amejifunga leso kiunoni, kiondo begani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu saa ngapi.

"Ni wewe unachora hivi vitu?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Huyo ng'ombe umemwona wapi?"

"Sijamwona popote. Namtoa tu kichwani."

Aliangalia ukuta tena. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya kitu anachojua hatakipata, "Sasa mtu ambaye hayuko, unaweza kumchora?"

Jina lake lilikuwa Ciarunji. Hapo hapo kando ya bucha, watu wakipita na mbuzi wao, alinieleza. Alikuwa na binti aliyeitwa Wambeti, akisoma darasa la nne. Siku moja mvua ilinyesha huko juu mlimani, huku kwao jua linawaka na mchanga ni mkavu. Watoto walikuwa wanavuka mto Thuci wakitoka shule. Maji yalikuja kwa ghafla. Wenzake walifika ng'ambo, yeye hakufika. Mwili walikuja kuupata mbali, na waliouona walimwambia mama asiutazame. Akasikiliza, hakuutazama. Na Wambeti hakuwahi kupigwa picha hata moja maishani mwake.

"Miaka imepita mingi," alisema. "Zamani nilikuwa nikifunga macho namwona. Siku hizi nikifunga macho naona weusi tu. Uso wake unaniponyoka. Mtu atampoteza mtoto wake mara ngapi?"

Nilimwambia nitajaribu. Niliona ni kazi nyepesi. Nilikuwa nimechora watu wengi, mawaziri, maaskofu, wachezaji wa mpira. Mtoto wa darasa la nne angenishinda?

Wiki iliyofuata nilirudi Ishiara na karatasi nzuri. Boma lake lilikuwa karibu na mto, nyumba ya mabati na mkwaju mmoja mbele. Nilikaa kwenye kigoda nikaanza kumwuliza. Macho yalikuwa makubwa au madogo? Pua ilikuwaje? Paji la uso? Kila nikiuliza alisema, "Ya kawaida." Nikachora. Nikamwonyesha. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Si yeye."

Nilichora nyingine, na nyingine. Nilienda Embu nikachora usiku na mchana, nikarudi na rundo zima. Alizipitia moja moja bila haraka, akaziweka chini. Halafu akaniambia maneno ambayo, mwanangu, yamekuwa shule yangu kuliko shule yoyote niliyokalia dawati lake.

"Kijana, unanichorea mtoto mzuri. Mimi sikuzaa mtoto mzuri. Nilimzaa Wambeti."

Nikaanza kuichonga penseli upya.

"Halafu unaniuliza maswali kama polisi," akaendelea. "Macho, pua, macho, pua. Ukimaliza kuuliza unachora kile mkono wako umezoea. Hawa watoto wote ni wako, si wangu. Mimi hunisikilizi."

Niliona aibu, na nikaona hasira pia, sitakuficha. Nilikuwa nimesafiri kwa nauli yangu, sikuwa nimemwomba hata kikombe cha chai. Lakini nilipoziangalia zile karatasi pale chini, niliona alichokiona yeye. Wote walikuwa mtoto yule yule wa gazeti: macho ya mviringo, mashavu yaliyojaa, tabasamu. Nilikuwa nimemchora mtoto huyo kwa miaka, kwenye matangazo ya sabuni na kadi za Krismasi. Angeweza kuwa wa mtu yeyote, ndiyo maana hakuwa wa mtu.

Niliiweka penseli mfukoni. Nikamwomba ungo. Alikuwa na ndengu za kupepeta, na mimi nilikuwa nimekulia kwenye chai, kazi hiyo sikuijua vizuri, akanicheka kidogo. Tukapepeta. Sikumwuliza chochote. Na polepole, mikono yake ikiwa na shughuli, alianza kuzungumza.

Alisema Wambeti alikuwa hamwendei mgeni moja kwa moja. Alikuwa anakuja kwa ubavu, ameshika mwimo wa mlango, akisugua mguu mmoja kwa mwingine. Alisema sikio la kulia liliumwa akiwa mdogo likawa halisikii vizuri, kwa hivyo ukimwita alikuwa anageuza kichwa, kidevu juu, kama anakutilia shaka. Akicheka alifunika mdomo, kwa sababu ndugu yake alikuwa amemtania meno. Alikuwa mkaidi. Alikuwa anaweza kukaa bila kula siku nzima akikasirika, halafu ale sufuria nzima akidhani hakuna anayemwona. Ciarunji alikuwa akisimulia na kucheka, akisimulia na kupepeta. Nilirudi siku nyingine tena, tukachuma mboga za kunde. Nikarudi tena. Nilimtazama pia mwanawe mkubwa, Nyaga, aliyekuwa na familia yake hapo bomani, jinsi alivyogeuka alipoitwa, jinsi paji lake lilivyokunjana kwenye jua. Na nilimtazama mama mwenyewe. Nilianza kuchora nikiwa pale pale, karatasi magotini, bila kusimama kuangalia kama ni nzuri.

Siku moja alasiri nilimpa karatasi moja. Haikuwa na urembo wowote. Msichana mwembamba amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, wa pili anajikuna nao, gauni la shule pindo limefumuka, kichwa kimegeuka, kidevu juu, macho yamefinywa na jua. Hakuwa anatabasamu.

Ciarunji aliipokea. Aliiangalia muda mrefu. Kidole chake kimoja kikaenda kikagusa bega la yule mtoto. Kisha akaongea, si na mimi.

"Wambeti," alisema kwa ukali, "sweta yako umeiacha wapi tena?"

Nyaga, aliyekuwa akichonga mpini wa jembe kando, aliweka panga chini akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki nimekaa. Sijawahi kupewa sifa yoyote maishani inayofika pale, na nimekwisha kuwa mzee.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachohusu swali lako.

Mtu mmoja mwenye biashara ya kuchapisha vitabu alikuja chumbani kwangu Dallas. Alikuwa amesikia habari zangu kwa rafiki. Aliona ukutani zile picha zilizokataliwa na michoro ya boma, ya mto, ya mama akipepeta. Akaniuliza ni hadithi gani. Nikamsimulia. Alikaa kitandani akaniambia, "Hiki ni kitabu. Nipe hiki, mwisho wake uwe ile picha ya mlangoni, na mwakani kiko madukani nchi nzima." Alikuwa anasema kweli, uwezo alikuwa nao. Krismasi ilikuwa karibu. Kichwani nilimwona baba akikishika kitabu hicho mkononi. Sikulala.

Nilienda Ishiara kumwomba Ciarunji. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza.

"Kwa hivyo watu wa Nairobi watakuwa wanamfungua na kumfunga?" akauliza.

"Watamjua, mama. Watu wengi watamjua."

"Mimi sikutaka ajulikane. Nilitaka nimwone." Akanishika mkono. "Usinikasirikie, kijana. Maji yalimchukua mbele ya watu. Huyu niliyempata, wacha akae nyumbani."

Ningeweza kubadilisha jina. Ningeweza kuhamisha mto nikauita mwingine, nikamvisha mama nguo nyingine. Huyo mchapishaji aliniambia hivyo hivyo nilipomrudia, na akaniambia kwamba mama mwenyewe hata hasomi vitabu, atajuaje. Ni kweli asingejua. Nilikaa na maneno hayo siku kadhaa, mwanangu, na usifikiri yalikuwa mepesi. Lakini kila nilipoketi kuchora ukurasa wa kwanza, mkono ulikuwa unarudi kwa yule mtoto wa matangazo ya sabuni. Nikaelewa kwamba Wambeti wa kweli nilipewa kwa sababu niliaminiwa, na nikimchukua bila ruhusa sitakuwa naye tena. Nikamwambia mchapishaji hapana. Aliondoka, hakurudi.

Krismasi nilipanda Kianjokoma mikono mitupu. Baada ya kanisa baba aliniita jikoni, tukakaa karibu na moto, kulikuwa na baridi ya ukungu.

"Kitabu kiko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna kwa sababu gani?"

Nikamweleza yote. Sikujitetea. Nilipomaliza aliendelea kuutazama moto, kikombe mkononi. Halafu akauliza, "Huyo mama alipomwona mtoto alisema nini?"

Nikamwambia.

Baba aliweka kikombe chini. Akasukuma kuni motoni. "Kabla yako kulikuwa na mwingine," alisema. "Alikuwa anaitwa jina la babangu. Mamako hataki tumtaje, kwa hivyo hatumtaji." Ndiyo mara ya kwanza nilisikia kwamba mimi si kifungua mimba. Hakuniomba nimchore, na mimi sikuthubutu kujitolea. Alinyanyuka, akachukua kofia yake, na akiwa mlangoni akasema, "Rudi Embu. Hiyo kazi usiiache."

Nilirudi. Kitabu changu cha kwanza kilichukua muda mrefu baada ya hapo, kikahusu mambo mengine kabisa, na nilikichapisha mwenyewe nikakibeba kwenye gunia kwenda mashuleni na makanisani, kutoka Runyenjes mpaka Maua. Vingine vimefuata. Kuna miaka nilikula vizuri na kuna miaka nilirudi kwenye kuta za bucha. Ciarunji alishazikwa. Picha ile sina nakala yake, na huwa nadhani ndiyo bora kuliko zote nilizochora, lakini pengine ni uzee unanidanganya.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kazi ya ofisi ukitaka kuiacha, iache, au kaa nayo, wote wanaochora vizuri hawajafuata njia moja. Hilo si swali kubwa kama unavyolidhani. Swali kubwa ni kama uko tayari kukaa na mtu mpaka aache kuwa kama watu wengine. Michoro uliyonitumia ni mizuri, na ndiyo inayonitia wasiwasi. Nimeona sura zile kwenye simu za vijana wengi. Toka hapo mezani, nenda ukapepete ndengu za mtu, umsikilize bila kumhoji, na tableti uiache kwenye begi. Na mtu akikufungulia huzuni yake kisha akakwambia isitoke nje, funga mdomo wako na kalamu yako, hata kama hicho ndicho kitabu ambacho kingekutoa kimaisha. Utachora kingine. Yule mtu hana huzuni nyingine ya kukupa, ana hiyo moja.

Mungu wa mlima huu akupe macho yenye subira na mkono usiodanganya. Akupe watu wa kukuambia "si yeye" mapema, ukiwa bado na nguvu za kuanza upya. Usikose unga nyumbani kwako wala wino mezani kwako, na wale utakaowachora, walio hai na waliolala, wasikuonee haya wala wewe usiwaonee. Nenda, mwanangu. Nenda ukiwa umebarikiwa.