Shimo Chini ya Sebule Yetu

Watu wa mtaa wetu wa Kasulo, hapa Kolwezi, wananiita shujaa. Wakiniona sokoni wanapiga kelele: "Mama wa ndege! Mama wa ndege!" Mi natabasamu tu, aibu imenijaa mpaka shingoni. Laiti wangejua nilichomfanyia tata, baba yangu mzazi, kwa ajili ya mwanaume ambaye hata hakunioa.

Kweli, vita vya mashariki nilivifanya. Nilikuwa muuguzi wa jeshi, kazi yangu kuwasindikiza majeruhi kwenye ndege ya mizigo. Tuliwalaza kwenye machela sakafuni, tukawafunga mikanda, nami nikatambaa kati yao kwa magoti, maana ndege ikitikisika na wewe umesimama, utamwangukia mtu kwenye kidonda. Siku moja kulabu ya chupa ya serumu, yaani dripu, ilikatika. Rubani msaidizi, kapteni mmoja wa Bukavu, akatoka mbele, akaishika ile chupa juu kwa mkono wake mpaka tukatua. Mkono ulimfa ganzi. "Sasa na mimi ni mugonjwa wako," akaniambia. Basi, nikaisha!

Wapenzi huulizana habari za kwao. Baba yake alikuwa mkuu wa shule. Mi nikajibu upesi kwamba wangu ni karani mkubwa wa kampuni ya madini. Karani! Tata alikuwa mchimbaji wa kobalti, tena akichimba chini ya nyumba yetu wenyewe, kama majirani wengi. Mdomo wa shimo ulikuwa palepale sebuleni, tukiufunika kwa mbao na mkeka.

Ndege ikaharibika Lubumbashi, tukapewa siku tatu. Kapteni akasema twende Kolwezi, anataka kumsalimia tata na kumweleza nia yake ya kunioa. Gari liliposimama Fungurume nikajitenga, nikapiga simu. Nikamwambia tata yote: mgeni, uongo wangu, na kwamba nitasema karani amesafiri Dilolo.

Tata akauliza, "Sasa mi nitakuwa wapi, mutoto wangu?"

"Popote, tata. Asikuone tu."

Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema.

Tulifika mchana. Sebule imefagiwa, tata hayupo. Nikapumua. Nilikuwa namimina chai mtu alipokohoa chini ya miguu yetu. Kikohozi kile mi nilikijua. Kapteni akaruka, akavuta mkeka, akainua mbao, akapiga magoti na kunyoosha mkono. Ndivyo alivyokuwa, haachi mtu. Akamvuta tata juu, matope mpaka kwenye kope. Chini ya matope nikaona kola ya shati lake jeupe la Jumapili. Alikuwa amevaa kwa ajili ya mgeni, kisha akashuka shimoni ili angalau aisikie sauti yake.

"Pole na kazi, tata," kapteni akasema. Kwetu kila mwanaume mzima ni tata, hata usiyemjua. Neno hilo lisingetoa siri yangu yoyote. Hata hilo likanishinda kulitamka.

Akanigeukia. "Huyu njo nani?"

"Ni mutu wa kazi."

Tata aliniangalia. Nilidhani atanizaba kofi, na mpaka leo natamani angenizaba. Akavua tochi ya kichwani, akainama kidogo. "Unisamehe, madame. Sikujua kama muko na mugeni."

Madame! Mtu aliyejifunza kunisuka nywele mama alipofariki.

Kapteni akampa kikombe chake mwenyewe. Tata akanywa amesimama karibu na mlango, kama wafanyavyo watu wa kazi.

"Uko na batoto, tata?"

Nafasi ilikuwa bado ipo. Neno moja tu lingetosha. Nikajifanya natafuta sukari.

"Hapana, patron," tata akajibu. "Mungu hakunipa." Akamaliza chai, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mkubwa wake.