Mama Asiingie Jikoni

Siku tuliyokaa kuipanga harusi yangu, nyumbani kwetu Likoni, tulikuwa wanawake watano. Alikuwako mama yangu mzazi. Alikuwako bibi, mamake mama, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa chumba changu. Alikuwako shangazi, dadake baba, ambaye ndiye aliyekuwa somo wangu, mwenye kunifunza mambo ya unyumba. Na jirani yetu, Mrabai kwa kabila, ambaye mumewe alikuwa akipakua meli bandarini pamoja na baba. Wa tano ni mimi, nami nilikuwa ndani nyuma ya pazia, maana mwari hasemi katika harusi yake. Majina yao ninayo yote, mpaka ya waliowazaa, ila nimeyaacha, kwa kuwa wana wajukuu.

Ilikuwa miaka ile ya vita, mchele wa kutafutwa kwa taa. Lakini si mchele ulioninyima raha. Katika harusi ya dada yangu, mama alishinda jikoni tangu alfajiri, moshi na joto, mpaka akaanguka kando ya mafiga. Dada akatolewa mbele ya wanawake, kapambwa, ang'ara, na mama yuko chumbani anapepewa. Hakumwona. Tangu hapo, watu wakiisimulia harusi ile, mama huinuka akaenda kuchota maji. Basi nikaazimia: nitakapotolewa mimi, mama atakuwa ameketi mkekani, mbele kabisa, ananitazama.

Shangazi akaanza na pilau. Mchele utatoka wapi? Utapatikana. Kwa nani? Utapatikana tu.

"Bibi," nikasema nyuma ya pazia, "waambie wapike muhogo wa nazi na samaki. Utatosha."

Bibi akawageukia wenzake kana kwamba ni viziwi. "Asema muhogo."

"Nimemsikia!" akasema shangazi. "Harusi ya muhogo! Wallahi, upande wa bwana harusi watatutungia nyimbo."

"Mwambie shangazi, watakaoimba watakuwa wameshiba."

Bibi akacheka mpaka leso ikamwanguka kichwani. "Asema kwamba..."

"Nimesikia, mama, nimesikia!" shangazi akamkata bibi kauli.

Shangazi alitaka tualike mpaka Kisauni kule ng'ambo. Nikasema jamaa na mtaa wetu, basi. Akanung'unika, akakubali. Nikaona nimalize. "Bibi, waambie mkubwa wa jikoni awe mama jirani. Mama asiingie."

Wote wakamgeukia mama. Kisha mama akasema, "Na mimi je? Niwe mgeni nyumbani kwangu?"

"Mwari atugawia kazi!" akasema shangazi. "Zamani zetu mwari alificha hata kivuli chake."

Jirani akasema, "Shangazi, muhogo nimeumenya tangu sijang'oka meno ya utoto. Niachieni."

Mama akajibu neno moja tu: "Tutaona." Na mimi niliijua hiyo tutaona yake.

Kweli, siku yenyewe, asubuhi, namsikia uani kashajifunga leso kiunoni, anaulizia mbuzi ya kukunia nazi. Mwanamke wa kupaka hina alikuwa kwangu, amekuja kunitengeneza vidole. Nikamwambia, "Kampake mama. Viganja na nyayo zote."

"Mamako yuko jikoni."

"Ndiyo maana."

Bibi akaelewa kabla ya mpakaji. Akamwita mama. "Keti hapa."

"Mama, nazi hazijakunwa..."

"Nimekuzaa mimi ama umenizaa wewe? Keti, nyoosha miguu."

Na mama yangu, mtu mzima anayeoza binti wa pili, akaitika "Abee," akanyoosha miguu kama kigoli. Hina ikapakwa, akafungwa vitambaa mikono na miguu. Hawezi kushika kitu, hawezi kukanyaga chini. Lakini mdomo haukufungwa. "Tui zito lisitiwe mapema! Nani huyo anakuna? Mbona simsikii?"

Jirani akamjibu kutoka uani, "Mama harusi, wewe kauka huko!" Wanawake wakapiga vigelegele, na mama mwenyewe akacheka. Hina haikuoshwa mpaka adhuhuri ilipoadhiniwa, na wakati huo vyungu vimeshateguliwa.

Alasiri nikatolewa. Bibi harusi macho yake huwa chini, haruhusiwi kuyainua. Nikaketishwa kwenye kiti nilichowekewa, nikatazama mkekani, nikaona nyayo nyekundu, mbichi bado kwa rangi, zimenyooshwa mbele ya watu wote. Nikainua macho kidogo. Shangazi akanifinya. Sikujali. Mama alikuwa ananitazama, wala hakupepesa.

Aliyekuwako naye bado yu hai, au aliyesimuliwa na mamake, akiona nimekosea, pengine samaki alikuwa wa kukaanga, pengine leso ya bibi haikuanguka, anirekebishe, nami nitashukuru. Ila kwamba mama aliketi akaniona, hilo mtu asinisahihishe.