Sahihi Kumi na Moja kwenye Ukurasa Mtupu

Mume wangu alifariki Jumatatu, tarehe 4 Machi, saa tatu kasoro robo asubuhi. Jumamosi ya tarehe 16 ukoo wake ulikaa nyumbani kwetu Isevya kumteua msimamizi wa mirathi. Kati ya siku hizo mbili nilifanya kosa, nami nimeamua kuliandika kama lilivyokuwa, kwa sababu wapo watu hapa Tabora wanaosimulia kwamba nilidhulumiwa tu. Ni kweli, nilidhulumiwa. Lakini aliyewapa nafasi ni mimi.

Mume wangu alikuwa mtunza kompyuta wa shule moja ya kanisa, nami nilikuwa mchapaji katika ofisi hiyo hiyo. Kidato cha nne nilikimaliza katika madarasa ya watu wazima nikiwa na miaka thelathini na tisa, wakati mwanangu wa kwanza akiwa amekwisha kuoa. Kompyuta nilifundishwa na mume wangu, jioni baada ya kazi, naye akiikalia mikono yake ili asije akanibonyezea.

Mashine za ofisi ile zilikuwa kuukuu, zote za ukoo wa Unix, mfumo wa zamani wa kompyuta, na hazikuwa na programu ya kukuonyesha karatasi kabla haijachapwa. Unaandika maneno matupu. Ukitaka herufi nene, ukitaka ukubwa wa pointi kumi na mbili, ukitaka nafasi kati ya aya, unaandika amri katika mstari wake, na amri hiyo huanza kwa nukta. Kisha unaiagiza mashine isome faili lote, ipange kurasa, na kuzipeleka kwenye printa. Kosa lako hulioni mpaka karatasi itoke. Wenzangu wa ofisini waliuchukia utaratibu huo. Mimi niliupenda, kwa kuwa haukunificha kitu: kila kilichoonekana kwenye karatasi kilikuwa na mstari wake ndani ya faili, ulioandikwa na mtu.

Mume wangu alitengeneza kiolezo cha mihtasari. Juu ya aya ya mwisho aliweka amri fupi: nukta, herufi mbili na namba. Nilimwuliza kazi yake.

“Hiyo inaangalia kama nafasi iliyobaki chini ya ukurasa inatosha,” alinijibu. “Isipotosha, inaihamisha aya ya mwisho pamoja na sahihi. Sahihi haziachwi zikalala peke yake, mama.”

Niliandika jibu lake daftarini, pamoja na tarehe.

Alhamisi, tarehe 14 Machi, wakubwa wa ukoo walikubaliana kwa mdomo, mbele yangu, kwamba msimamizi nitakuwa mimi na kwamba nyumba itabaki kwangu na kwa wanangu. Niliambiwa nichape muhtasari, usomwe Jumamosi na kutiwa sahihi. Kwa desturi yao msomaji ni mkubwa kuliko wote, na mkubwa alikuwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, mfugaji aliyetoka Choma. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, lakini hakuwa mtu wa kukubali miwani. Nilimfikiria akiinyoosha karatasi hadi mwisho wa mkono wake mbele ya wadogo zake, nikaona si heshima. Hivyo Ijumaa nilipokaa mbele ya mashine nilizikuza herufi kutoka pointi kumi na mbili hadi kumi na sita.

Karatasi zilitoka mbili. Chini ya ile ya kwanza palikuwa na pengo jeupe la upana wa kiganja, kwa kuwa ile amri ilikuwa imefanya kazi yake: aya ya mwisho, yenye maneno ya nyumba, ilikuwa imehamia kwenye karatasi ya pili na kukaa juu ya sahihi. Pengo lile lilinikera. Nilijua watakaonijia kesho, nikawasikia wakisema kwamba mjane wa fundi hajui kupanga karatasi. Daftari lilikuwa kwenye droo. Sikulifungua. Niliifuta amri nikachapa upya.

Safari hii karatasi ya kwanza ilijaa hadi chini, safi, maneno ya nyumba yakiwa humo. Ya pili ilikuwa na kichwa “Sahihi za wanaukoo” na mistari kumi na moja. Hapakuwa na kitu kingine. Nilizibana kwa pini ya stepla nikaridhika, siku kumi na moja baada ya kifo chake.

Jumamosi shemeji alisoma bila kukwama hata mara moja.

“Herufi nzuri hizi,” alisema. “Hata ng'ombe wangu wangesoma.”

Watu walicheka chini ya turubai, nami nilicheka nao. Wifi yangu, dada wa marehemu, aliyekuwa amekuja kutoka Igalula, aliniinamia. “Wewe na mashine yako mnaongea lugha gani? Siku moja mtukaribishe na sisi.” Tulitia sahihi sote kumi na mmoja. Kisha shemeji akazikunja karatasi zote mbili na kuzitia mfukoni mwa koti. “Karatasi za marehemu hubebwa na mkubwa,” alisema. “Nitazifikisha mahakamani mwenyewe.” Sikubaki hata na nakala yenye sahihi. Kumwomba nakala mbele ya watu kungekuwa kumwambia kwamba simwamini.

Jumanne, tarehe 23 Aprili, nilikwenda Mahakama ya Mwanzo kulisoma tangazo la mirathi. Jina la msimamizi lililobandikwa ubaoni lilikuwa la shemeji. Nilimwomba karani anifungulie jalada. Karatasi ya pili ilikuwa yangu, sahihi zote zikiwa mahali pake, na yangu ikiwa ya nne. Karatasi ya kwanza ilikuwa ngeni. Ilisema kwamba nyumba ya Isevya ni mali ya ukoo, na kwamba itauzwa na kugawanywa.

“Sahihi hii ni yako au si yako, mama?” aliuliza karani.

“Ni yangu.”

“Basi.”

“Tazama herufi, baba. Hizi za karatasi ya pili zina vijiguu, tena ni kubwa. Hizi za kwanza ni laini na ndogo. Hazikutoka kwenye mashine yangu. Tazama na matundu ya pini. Ya pili ina jozi mbili, ya kwanza ina jozi moja.”

Aliinua karatasi dirishani akatazama kwa muda mrefu. “Nimeona,” alisema kwa upole. “Lakini mimi hapa napokea karatasi za herufi za kila aina. Andika pingamizi.”

Niliandika. Nililipeleka pamoja na chapa ya faili langu na ya orodha ya mashine iliyoonyesha siku na saa nilipolifunga faili hilo, Ijumaa ya tarehe 15 Machi. Hakimu alisoma yote. Alisema mashine iko mikononi mwangu, na kwamba mtu mwenye mashine anaweza kuandika alitakalo. Ndivyo ilivyo. Aliikataa karatasi ya shemeji, akaikataa na yangu, akaamuru ukoo ukae tena na kutia sahihi upya, wote kumi na mmoja.

Nje, penye ngazi, nilimwamkia shemeji.

“Shikamoo, shemeji.”

“Marahaba. Mke wetu, umetuanika.”

“Nani alibadilisha karatasi?”

“Aliyechapa ni wewe. Sisi tulishika kalamu tu.” Aliwageukia wadogo zake. “Shule ya uzeeni hiyo. Inampa mtu makaratasi, akili haimpi.” Wakacheka, kama walivyocheka chini ya turubai.

Kikao cha pili kiliitishwa Jumamosi, tarehe 15 Juni. Nilirudisha pointi kumi na mbili, nikarudisha na ile amri, na kila kitu kikaenea kwenye karatasi moja. Niliazima viti kwa majirani. Saa nne alifika wifi, aliyekuja kwa treni, na baada yake hakufika mtu.

“Wengine wako wapi?” nilimwuliza.

“Wanasema wanavuna.” Aliifungua kanga yake akaifunga tena. “Usiwangoje, wifi. Kaka amekwisha kuwaahidi vyumba, kila mtu na chake. Mimi aliniahidi kile cha mbele.”

“Nawe ukasemaje?”

“Nimekuja, si unaniona? Lete kalamu. Na tarehe nitaandika, nakujua wewe.”

Alitia sahihi, nami nikatia yangu. Mistari tisa ilibaki mitupu. Tulikula wali niliopika kwa ajili ya watu kumi na mmoja, na mchana nikamsindikiza stesheni.

Mwezi Julai mtoto wa shemeji alihamia chumba cha mbele na kitanda chake, akasema anakishikia ukoo. Ninaishi katika vyumba viwili vya nyuma. Nyumba haijauzwa, wala haijawa yangu. Karani ameniambia jalada litabaki wazi mpaka zile sahihi tisa zipatikane. Tarehe 9 Novemba tulimzika mmoja wa hao tisa. Nilikwenda, nikachapa na ratiba ya mazishi yake.