Mpiga Pasi Aliyetaka Jina Lake

Asubuhi ya Jumanne moja ya Machi 1929, Zélie Wattrelot alivaa gauni lake la maziko, kwa kuwa ndilo pekee lenye kola ya heshima, akatoka chumbani kwake mtaa wa Ménilmontant, Paris, bila kunywa kahawa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mjane, mpiga pasi katika duka la dobi. Kabla ya chakula cha mchana angekuwa amepewa haki ya kutia jina lake kwenye nyimbo zake mwenyewe, au amenyimwa.

Nyimbo hizo zilikuwa kumi na nne. Wauza samaki walizipiga mluzi, wanajeshi waliziimba garini wakirudi likizo, na mke wa mwenye duka, ambaye hakumpenda Zélie hata kidogo, aliosha vyombo akiimba mmojawapo. Zote kumi na nne zilichapishwa kwa jina la Anselme Cordier.

Kisa chenyewe hakikuwa na ujanja mkubwa. Zélie alizaliwa Roubaix, mama yake Adèle akifanya kazi kiwandani kwenye mashine za kusokota pamba, mpaka kifua kilipomuua. Binti akaja Paris na miaka yake kumi na sita, akajifunza kupiga pasi, akaolewa na Firmin, fundi wa reli za tramu, na vita vikamchukua Firmin mwaka 1917. Kutunga kulianzia mezani pa kazi. Pasi ikiteremka mgongo wa shati, maneno yalikuja marefu. Ikifika kwenye kola, yalifupika. Kisha mkono unainua pasi kuirudisha jikoni ipate moto, na hapo mstari unakatika ghafla, kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi. Wasichana wenzake waliziimba nyimbo hizo mchana kutwa.

Cordier alikuwa mteja. Mwanamume wa kumbi za muziki, mtanashati, mwenye mashairi ya wastani na mashati mazuri. Siku moja mwaka 1923 alisimama mlangoni na furushi lake mpaka wimbo ukaisha.

"Nani katunga hiyo?"

"Mimi, bwana. Ni upuuzi tu."

"Niandikie huo upuuzi."

Wimbo ulipotoka na jina lake yeye, alimletea Zélie nakala pamoja na bahasha na sanduku la biskuti. "Ukumbini hawamjui mpiga pasi, mama," alimweleza kwa upole. "Wananijua mimi. Tungetia jina lako, ungebaki kabatini." Zélie akamshukuru. Jambo hilo baadaye lilimchoma kuliko yote: kwamba alishukuru, tena kwa moyo mweupe. Kwa miaka sita alimpa maneno, na ule mkato wa mwishoni ukawa maarufu. Wapiga piano waliuita mkato wa Cordier.

Halafu ukaja wimbo wa viatu. Zélie aliutunga juu ya viatu vya Firmin, ambavyo jeshi lilimrudishia vikiwa vimefungwa kamba kwa fundo asilolijua. Wiki chache baada ya kuchapishwa, akiwa anatandika gazeti kuukuu chini ya mashati yenye unyevu, aliona picha ya Cordier. Alikuwa akimsimulia mwandishi, huku machozi yakimlengalenga, habari za rafiki yake wa mahandakini aliyeacha viatu. Cordier alivimaliza vita vyote katika ghala la mablanketi mjini Tours. Zélie alisoma habari ile mara mbili. Aliposhtuka, kola iliyokuwa mbele yake ilikuwa imeungua, kahawia, umbo kamili la pasi.

Wimbo uliofuata, ule wa kumi na tano, ulimtaja mama yake kwa jina, na jina hilo ndilo lilikuwa la wimbo. Zélie hakumpa Cordier. Alimwimbia Paulette Sarrazin, mwimbaji mnene wa ukumbi wa mtaani aliyekuwa akileta magauni yake dukani, na Paulette akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Dada, huu nautaka. Mchapishaji anaupiga chapa Jumatatu, nimeshamwambia."

"Kwa jina la nani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Bila kuwa mwanachama wa chama cha watunzi, hakugusi. Ama uingie chamani wiki hii, ama Cordier autie sahihi yake kama ilivyo desturi yenu."

"Paulette! Punguza sauti, mama wee."

"Nani anasikia? Hizi suruali? Mimi naimba nyimbo zake miaka yote hii. Nikimuuliza nipumulie wapi, ananikodolea macho kama bata. Wewe unanionyesha kwa mkono. Unadhani mimi kipofu?"

Zélie aliuona mwezi ujao kama vile umeshafika: Cordier gazetini, leso mkononi, akisimulia juu ya mwanamke aliyempenda ujanani, akiitwa Adèle. Siku hiyohiyo akajiandikisha kwa mtihani.

Mtihani wenyewe kila mtu wa fani aliujua na kuutania. Unafungiwa chumbani peke yako, unapewa mada, na baada ya saa mbili unatoka na wimbo mzima: beti tatu na kiitikio. Hivyo ndivyo chama kilivyohakikisha kwamba mtu hatungiwi na mjomba wake. Majaji walikuwa watatu. Jumanne hiyo, kwenye ngazi za jengo la chama, Zélie alimkuta mmoja wao akivua glavu.

"Zélie!" alisema Cordier. "Umeleta mashati?"

Cordier akateremka ngazi mbili, akasogea karibu mpaka Zélie akayanusa manukato yake.

"Nimeliona jina lako kwenye orodha jana. Sikulala, nakwambia ukweli. Sasa nisikilize vizuri. Atiaye sahihi kazi ya mwenzake hufukuzwa chamani. Na aliyempa mwenzake kazi aitie sahihi hapokelewi kamwe. Kamwe, mama. Tukizama, tunazama wote. Mimi nimeshaogelea vya kutosha. Wewe je?"

Akampisha kwa adabu, kama mtu anayempisha bibi mwenye vifurushi.

Juu, katibu wa chama alimtolea bakuli la vikaratasi. Zélie akachomoa kimoja. Kiliandikwa: Mwavuli uliosahauliwa. Katibu akaandika saa, akatoka, na ufunguo ukazungushwa kwa nje.

Kwa dakika arobaini hakuandika neno. Chumba kilikuwa na meza, kiti, wino, na dirisha lililotazama ukuta. Hofu ile haikuwa ya mtu asiyejua. Ingekuwa hivyo, angelia na kwenda zake. Ilikuwa hofu ya mtu aliyekwisha kuona mlango wa mtego na wa pili nyuma yake. Akiandika kama anavyoandika, majaji watamtambua Cordier katika kila mstari na kumwita mwizi. Akiandika vingine, hajui vingine. Alijaribu hata hivyo. Alitunga ubeti wenye mizani sawasawa, wenye mbalamwezi, mwavuli na mpenzi aliyekufa, na alipousoma kwa mnong'ono ukasikika kama redio ya jirani. Akaufuta. Akatunga mwingine, mbaya zaidi. Jasho lilikuwa limepenya kola ya gauni la maziko. Saa ya kanisa la jirani ikagonga, akahesabu, na akajua zimebaki dakika thelathini na tano.

Akasimama. Hakupanga kusimama, mgongo ulikataa kiti. Mkono wake wa kulia ukakunja ngumi juu ya meza, ukaanza kwenda na kurudi, mrefu, mrefu, mfupi. Aliogopa katibu angesikia mbao zikilia. Lakini mwavuli ukaanza kusema, kwa hasira kidogo, kama mke aliyesubirishwa, na Zélie akaandika haraka kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa wake wa kuandikia, kwa sababu wa kulia ulikuwa na kazi:

Niliachwa kwa kinyozi, jua likiwaka;
leo mvua imekuja, ndipo wanisaka.
Basi lowa.

Pale kwenye lowa aliinua ngumi, na beti tatu zikafuata kiitikio hicho. Aliutazama mstari ule mfupi, mkato wenyewe, mtupu kama jeraha, na akafikiria kuurefusha. Yangetosha maneno mawili. Kalamu ilikaa hewani. Kisha ufunguo ukagonga kitasa, katibu akasema, "Muda, bibi," na mstari ukabaki ulivyo.

Mwenyekiti wa majaji, Hippolyte Maubert, mzee mfupi aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja kwenye paji la uso, alisoma kwa sauti. Kwenye kiitikio, jaji mpiga piano aliyekaa kushoto kwake akacheka. Maubert hakucheka. Alisoma tena mstari wa mwisho, akaweka karatasi chini, akamgeukia Cordier.

"Anselme, huu ni wako."

"Umefanana," alisema Cordier.

"Haujafanana. Ni wewe mtupu. Unamjua bibi huyu?"

"Ananipigia pasi mashati."

Maubert akavua miwani ya usoni, akashusha ile ya pajini.

"Bibi Wattrelot, nina miaka thelathini katika kiti hiki, na sina subira na uongo. Nitauliza mara moja. Kuna kazi yoyote ya Bwana Cordier ambayo mkono wako umo ndani yake?"

Zélie aliuona mdomo wa Cordier. Ulikuwa mweupe. Kumbe naye anaogopa, aliwaza. Na badala ya kumpa nguvu, wazo hilo lilimzidishia baridi, maana mtu anayeogopa hivyo angeweza kufanya lolote. Alifikiria viatu. Alifikiria fundo la kamba. Neno ndiyo lilimfika mpaka menoni, jepesi, tayari, na nyuma yake aliona mlango ukifungwa, na Jumatatu mashine ya uchapaji ikizunguka, na jina la mama yake juu ya karatasi, na chini yake jina la mwanamume yeyote atakayejitolea kuutia sahihi.

"Hapana, bwana," alisema. "Sisi dukani tunaimba nyimbo zake kutwa. Umeniingia mkononi, huo mtindo. Nadhani nimeambukizwa."

Mpiga piano akacheka kwa nguvu. "Ambukizo zuri hilo! Anselme, kazi yako ni homa ya madobi!"

"Nimewahi kuitwa vibaya zaidi," alisema Cordier, na rangi ikaanza kumrudia usoni.

Maubert hakuondoa macho kwa Zélie. Labda hakuamini. Labda aliamua kwamba alichoulizwa mtu kimejibiwa, na hiyo ndiyo kazi ya mwenyekiti.

"Wanafunzi wengi huanza kwa kuiga," alisema mwishowe. "Jitahidi upate sauti yako, bibi. Apite?"

"Apite," alisema mpiga piano.

"Apite," alisema Cordier, upesi kuliko ilivyohitajika.

Katika chumba cha nje, katibu alimpa Zélie fomu. Jina la ukoo, jina la ubatizo, mahali pa kuzaliwa. Chini kabisa palikuwa na nafasi kubwa, mistari ishirini na zaidi, ya kuorodhesha nyimbo ambazo mwombaji amezitunga hadi siku ile. Kilichoachwa nje, katibu alimwonya bila kuinua kichwa, mtu hawezi kurudi kukidai.

Zélie alisikia mlango ukifunguka nyuma yake, kisha manukato yale. Cordier alisimama akivaa glavu zake polepole, kidole baada ya kidole, mahali ambapo angeweza kusoma karatasi juu ya bega lake.

Kalamu ilikaa juu ya mstari wa kwanza. Aliandika Adèle. Kisha akaigeuza fomu na kuisukuma mezani kabla mkono haujabadili mawazo.

Katibu akaangalia ile mistari mitupu. "Mmoja tu? Kwa umri huu?"

"Mmoja," alisema Zélie.

Katibu akashika muhuri, akaupulizia pumzi, akaugonga.